Kirusi Hakirudi, Kinarudishwa

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa watumiaji wa kompyuta. Nimeiandika kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu, wazee wangu, vijana wangu, asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba mwenye flashi mfukoni au kwenye mkoba ainyanyue juu tuione. Naam. Ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Sasa ninyi mlionyanyua, nani anaweza kusema kwa uhakika flashi hiyo mara ya mwisho ilichomekwa kwenye kompyuta ya nani, na kompyuta hiyo ilikuwa na hali gani? Mikono imeshuka. Zirudisheni mfukoni, tutazirudia.

Nimetengeneza kompyuta kwa miaka mingi, na maneno niliyoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, kile kirusi kimerudi." Watu huyasema kama wanavyosema mvua imerudi, jambo la Mungu lisilo na mwenyewe. Leo nimekuja kuyapinga maneno hayo. Kirusi hakirudi. Kirusi kinarudishwa. Na mara nyingi anayekirudisha ni mimi na wewe, kwa mikono yetu, bila kujua.

Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii niliitwa kwenye ofisi moja ndogo yenye kompyuta 4. Ndani ya mwezi mmoja nilipiga Windows upya, yaani niliifuta na kuiweka tena, mara 3 kwenye kompyuta ya katibu muhtasi. Mara 3! Kila nikiondoka naiacha safi, na kila baada ya siku mbili simu inalia. Mara ya nne sikugusa kompyuta. Nilivuta kiti nikakaa nyuma ya yule mama, nikamwambia, "Mama, fanya kazi zako kama kawaida, mimi nitatazama tu."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa flashi nyekundu iliyofungwa kamba ya kiatu, akaichomeka. Ndani yake kulikuwa na folda: Barua, Mishahara, Vikao. Kila folda ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona ya chini, upande wa kushoto. Akabofya Barua mara mbili. Dirisha jeusi likatokea katikati ya kioo na kupotea, kama mtu kupepesa jicho. Halafu barua zake zikafunguka, zote zipo. "Unaona?" akaniambia. "Flashi yangu haina tatizo."

Kile kimshale ndicho kilichokuwa tatizo. Zile hazikuwa folda. Kirusi kilikuwa kimezificha folda zake halisi, kisha kikaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato, inafanya kazi mbili kwa pamoja: inakufungulia folda yako ili usishuku kitu, na inakiamsha kirusi. Ndiyo maana ya lile dirisha jeusi. Na kirusi kikishaamka, kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta ile inapakwa ugonjwa uleule.

Sasa jiulizeni, nani aliyekuwa anakirudisha? Nilikuwa mimi. Kila nilipomaliza kupiga Windows nilimwambia, "Mama, rudisha mafaili yako," naye anayarudisha kutoka kwenye flashi ile. Nilikuwa nikichota maji kwa pakacha, na ofisi inanilipa kwa kuchota.

Siku ile tulizima kompyuta zote 4 kwa pamoja. Tukakusanya kila flashi iliyokuwemo ofisini, tukazipanga mezani, zikafika 11. Tukasafisha zote siku moja, kompyuta na flashi, hakuna kilichounganishwa na kingine mpaka vyote viwe safi. Simu haikulia tena. Na zile folda zilizofichwa? Hazikuwa zimepotea. Ukishakiua kirusi, kuna amri moja fupi ya Windows iitwayo attrib. Unaifungua flashi kwenye dirisha la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d, na folda zako zinajitokeza tena. Wangapi wamefomati flashi wakalia kwamba kirusi kimekula kazi zao, na kazi zilikuwa humo humo zimefichwa tu?

Nataka niwape mfano mkubwa kuliko ofisi ile. Mwaka 2001 kulikuwa na kirusi kilichoitwa Code Red. Kwa usahihi ulikuwa mnyoo, aina ya kirusi inayojisambaza yenyewe mtandaoni bila mtu kubofya chochote. Tarehe 19 Julai mwaka ule uliingia kwenye kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Sasa sikilizeni. Mnyoo ule haukujiandika kwenye diski. Uliishi kwenye memori tu, ile inayofutika kompyuta ikizimwa. Kuuondoa ulihitaji kufanya nini? Kuzima kompyuta na kuiwasha. Basi! Hakuna kirusi kilichokuwa rahisi kuondoa kuliko kile. Lakini aliyewasha upya na kuurudisha mtandao bila kuziba tundu, yaani kasoro ya programu ulimopitia, uliingia tena palepale. Na kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamekwisha kukitoa mwezi Juni, kabla mnyoo haujaanza. Ndiyo sababu nasema kuondoa ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo nyepesi.

Haya. Tuseme kimeingia. Ufanye nini?

Chomoa mtandao. Waya utoe, waifai izime. Kirusi kisicho na mtandao hakipokei amri kutoka kwa mwenyewe, hakimpelekei maneno yako ya siri, hakihamii kompyuta ya jirani kwa njia ya mtandao. Na kuanzia dakika hiyo usiingie benki wala barua pepe kwenye mashine hiyo.

Hapa niseme kidogo juu ya lile tangazo jekundu linalojaza kioo kizima, linalia, linasema kompyuta yako imeshambuliwa, piga namba hii sasa hivi. Huo ni ukurasa wa mtandaoni tu. Funga kivinjari, ile programu unayofungulia tovuti. Ukipiga namba ile utaongea na mwizi, na mwizi huyo atakuomba umruhusu aingie kwenye kompyuta yako akusaidie. Kampuni ya kweli haiweki namba ya simu kwenye onyo la virusi. Tafadhali wafikishieni wazazi wenu neno hili, maana hao ndio wanaowindwa.

Kisha ikague kompyuta kirusi kikiwa kimelala. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaiwasha kompyuta kama kawaida, kirusi kinaamka pamoja na Windows, wakati mwingine kabla ya antivairasi, yaani programu inayowinda virusi, kinajificha au kinaizima kabisa. Kile kirusi kilichoitwa Conficker, kilichotokea Novemba 2008 na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta, kilizuia masasisho ya Windows na kuikataza kompyuta kufungua tovuti za kampuni za antivairasi. Ukiona tovuti zote zinafunguka isipokuwa za antivairasi, usilaumu mtandao. Dawa ya hali hii ni uchunguzi unaofanyika nje ya Windows. Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows, inao tayari: unauchagua kwenye mipangilio ya usalama, kompyuta inajizima, inawaka upya bila Windows yenyewe kuamka, inakaguliwa kwa kama dakika 15. Wengi mliomo humu mnao na hamjawahi kuubofya. Na msirundike antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Zinagombana, kompyuta inakuwa nzito, na ulinzi unapungua.

Antivairasi ikikwambia imefuta, usisimame hapo. Kirusi kinataga. Kinajiandika mahali patakapokiamsha kila kompyuta inapowaka: kwenye orodha ya programu zinazoanza na Windows, kwenye orodha ya kazi zilizopangwa kwa saa, kwenye viendelezi vya kivinjari, vile viprogramu vidogo vinavyoongezwa ndani yake. Antivairasi inaweza kufuta faili lenyewe ikaacha ile kazi iliyopangwa, na kazi ile ikienda mtandaoni inapakua kirusi kipya. Utajuaje? Ukiona kirusi kilekile, chenye jina lilelile, kinakamatwa kila siku kwenye saa ileile, hicho kina ratiba. Fungua orodha ya kazi zilizopangwa, utaikuta.

Na vivinjari vina mtego wao ambao mafundi wengi hatuuangalii. Umefuta kiendelezi kibaya, umepiga hata Windows upya. Halafu unaingia kwenye akaunti yako ya kivinjari, nayo kwa uaminifu wake inakurudishia alamisho zako, maneno yako ya siri, na kile kiendelezi. Kimeshuka kutoka kwenye akaunti yako mwenyewe! Kwa hiyo zima kwanza ule ulinganishaji wa akaunti na kivinjari, ukague viendelezi kimoja kimoja, usichokikumbuka kitoe.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kijana mmoja, mtu wa kuhariri video, alikuja kwangu macho mekundu. Alikuwa ametafuta programu iliyokrakiwa, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure. Maelekezo yake yalianza na mstari huu: zima antivairasi kwanza. Akazima. Vijana, naomba mnisikilize hapa. Ni programu gani ya heri inayokuomba umfungie mlinzi wako chumbani kabla haijaingia ndani? Usiku uleule akaunti yake ya barua pepe ikachukuliwa. Akapambana akairudisha, akabadilisha neno la siri. Asubuhi ikachukuliwa tena. Akabadilisha tena. Ikachukuliwa tena.

Nikamuuliza, "Ulibadilishia wapi?" Akanyamaza. Alikuwa akibadilisha kwenye kompyuta ileile. Kila neno jipya alilochapa, kirusi kilikuwa kinalisoma naye.

Na si hilo tu. Virusi vya siku hizi vinaiba vidakuzi. Unapoingia kwenye tovuti, tovuti inakiachia kivinjari chako kitu kama muhuri, ili kesho usiulizwe tena neno la siri. Mwizi akiuiba muhuri ule, tovuti inamwona yeye ni wewe uliyekwisha kuingia. Haulizwi neno la siri. Haulizwi hata ile namba inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu kuliko bidii. Chukua kifaa kingine ambacho una uhakika ni safi. Badilisha neno la siri la barua pepe kabla ya mengine yote, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungulia akaunti nyingine. Kisha tafuta kitufe cha kuondoka kwenye vifaa vyote, ukibofye, ili mihuri iliyoibwa ife. Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na ile namba ya kwenye simu. Tulifanya hivyo na yule kijana na akaunti ikatulia. Lakini picha za miaka kadhaa ambazo mwizi alikwisha kuzifuta hazikupatikana.

Mtaniuliza, fundi, ni wakati gani tuache kusafisha tupige Windows upya? Mimi nina msimamo, na najua wenzangu wengine hawakubaliani nao. Kirusi cha matangazo, safisha. Kirusi kinachoiba maneno ya siri, au kilichoonekana tena baada ya usafi kamili, usibembelezane nacho. Futa diski yote, piga upya, na Windows ya kupigia uiandae kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Okoa nyaraka na picha zako tu. Programu usiokoe hata moja, zipakue upya kwa wenyewe waliozitengeneza.

Juu ya masasisho nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnajua ninachotaka kusema na bado mnabofya "nikumbushe baadaye". Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, siku 59 baadaye, programu ya kirusi iitwayo WannaCry ilipita kwenye tundu lilelile, ikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Nchini Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Wagonjwa, ndugu zangu. Kwa sababu ya tundu ambalo kiraka chake kilikuwepo siku 59. Na wale mnaotumia Windows 10, masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Matundu yanayogunduliwa baada ya hapo hayazibwi yenyewe. Pangeni kuhama.

Kuna mlango mwingine ambao hauna kiraka, nao ni macho yetu. Tarehe 4 Mei 2000 watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU", na kiambatisho chenye jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Barua ya mapenzi, faili la maandishi, lina ubaya gani? Ila jina halikuishia hapo. Baada ya TXT kulikuwa na nukta na herufi tatu nyingine, vbs, yaani hii ni programu. Windows ilikuwa imezificha herufi hizo, kwa kawaida yake ya kuficha mwisho wa jina la faili. Mtu alibofya barua, akafungua programu. Ikaharibu mafaili yake, ikajituma kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yake ya anwani, kwa jina lake yeye. Na kwa kuwa ilitoka kwa mtu anayemfahamu, aliyefuata naye akafungua.

Mnadhani hayo ni ya zamani? Nendeni mkatazame kompyuta zenu leo jioni. Windows bado inaficha miisho ya majina hadi wewe uiambie isifiche. Faili linaloitwa "ankara.pdf" kwako linaweza kuwa "ankara.pdf.exe". Fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye mipangilio ya mwonekano, ruhusu miisho ya majina ionekane. Ni mbofyo mmoja. Ningekuwa na uwezo wa kuwapa ushauri mmoja tu kisha nifukuzwe jukwaani, ningewapa huo. Na faili likikutia shaka, kuna tovuti ya VirusTotal inayolikagua kwa antivairasi nyingi kwa mkupuo. Ila usipeleke huko nyaraka za siri, kwa sababu unachokipeleka wengine wanaweza kukiona.

Na wewe unayetumia kompyuta kila siku ukiwa msimamizi mkuu wa mashine, fungua akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi. Kirusi kinapata mamlaka uliyonayo wewe ulipokiamsha. Usimpe funguo za nyumba yote.

Nimalizie kwa nakala. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kiliingia kwenye kampuni ya meli ya Maersk. Hicho hakikuwa na mzaha: kilifuta, hata aliyetaka kulipa hakuwa na namna ya kurudishiwa. Maersk walikuwa na seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, takriban 150 zilizotunza ramani ya mtandao wao wote, nani ni nani na anaruhusiwa wapi. Kila seva ilikuwa nakala ya mwenzake. Mnaona walivyojipanga? Nakala 150! Lakini zote zilikuwa zimeunganishwa, na zote zikafutika kwa pamoja. Ikabaki moja, katika ofisi yao ya Ghana. Iliponaje? Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Seva ilikuwa imezimika, kirusi kikapita hakikuikuta. Mtandao wa pale ulikuwa mwembamba mno kutuma data zote, kwa hiyo mfanyakazi wa Ghana akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake aliyeipeleka London. Kutokana na diski ile ndipo walipoanza kujenga upya, seva 4,000 na kompyuta 45,000, kwa siku 10.

Ninyi nakala zenu ziko wapi? Kama ni kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo. Nakili, halafu chomoa, weka kabatini. Kuwe na nakala 3 za kitu unachokipenda, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na moja iwe mbali na nyumba au ofisi yako. Na siku moja jaribu kuifungua. Nimewaona watu waliotunza bekapu kwa miaka, siku ya shida haifunguki.

Sasa zitoeni zile flashi. Pale nyuma, meza ya kulia, kuna kompyuta moja ambayo haina mtandao wala faili la mtu yeyote, na akaunti yake ni ya kawaida. Tutazipitisha moja baada ya moja, tukionyesha mafaili yaliyofichwa na miisho ya majina, ili kila mtu aone kilichomo kwenye yake kwa macho yake. Tukikuta vimshale hatutabofya, tutakisafisha kirusi kwanza kisha turudishe folda. Naomba muandike jina kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kabla hamjaikabidhi, zisije zikachanganyika. Wazee watangulie.